Msichana wa Msituni Asiyekaa Msituni

Kabla ya kuwa nguo, alikuwa maandishi. Watu wengi wanaozungumzia mtindo wa Kijapani uitwao mori gaaru hulipita haraka jambo hili, wakakimbilia kuonyesha picha za magauni mapana na shali za kufuma. Mori ni msitu. Gaaru ni msichana, neno ambalo Wajapani walilichukua kwa Waingereza wakalitamka wanavyotaka wao. Mwaka 2006, kwenye mtandao wa kijamii wa Kijapani uitwao mixi, ambao enzi hizo huingii mpaka mwanachama akualike, mwanamke mmoja alifungua kikundi kwa jina hilo. Inasimuliwa kwamba rafiki yake alimtazama alivyovaa, akamwambia anafanana na mtu wa kukutwa msituni. Basi akaandika orodha: msichana wa msituni ni mtu wa namna gani, anapenda nini, anatembeaje, mkobani mwake mna nini. Makumi ya maelfu ya watu wakajiunga.

Naisoma orodha ile kama kazi ya fasihi, tena kazi ya fasihi yenye tatizo la kifasihi. Ina mhusika lakini haina kisa. Tunaambiwa anapenda magauni yanayopanuka kuelekea chini, kola za mviringo, sweta za kufuma kwa mkono, rangi za ardhi na za maziwa, lesi, viatu vya chini, saa ya mfukoni yenye mnyororo. Hatuambiwi anatoka wapi, analipa kodi ya nyumba kwa kazi gani, amegombana na nani. Mwandishi wa riwaya angeletewa mhusika kama huyu na mwanafunzi wake angemrudishia karatasi: haya, amevaa vizuri, sasa kinatokea nini?

Ila ukiisoma orodha mara ya pili unaona kuna vitu vya aina mbili ndani yake. Kuna nomino na kuna vitenzi. Nomino ni hizo nguo. Vitenzi ni mambo kama kutembea polepole bila haraka ya kufika, kubeba kamera na kupiga picha vitu vidogo vidogo, kukaa kwenye mgahawa mtulivu na kitabu, kupekua maduka ya vikorokoro ambayo Wajapani huyaita zakka, kutengeneza pambo kwa mikono yako mwenyewe. Hoja yangu yote iko hapo. Nomino zinauzika, vitenzi haviuziki. Historia ya mori gaaru ni historia ya nomino kuvimeza vitenzi, na hukumu yoyote ya haki juu ya mtindo huu lazima iseme ni kipi kati ya viwili hivyo inakihukumu.

Kwanza tujue huyu msichana aliandikwa akimpinga nani, maana hakuna mhusika anayezaliwa peke yake. Miaka ile ya katikati ya 2000, jarida la CanCam na mwanamitindo wake Yuri Ebihara walikuwa wametawala mitaa ya Tokyo. Neno lao kuu lilikuwa mote, yaani kupendwa, kugombewa na wanaume. Kila sketi, kila kisigino, kila mkunjo wa nywele ulipimwa kwa swali moja: je, atageuka kutazama? Upande mwingine, kule Shibuya, walikuwepo wale wasichana wa gyaru, nywele zimepaushwa, ngozi imechomwa jua kwa makusudi, kelele na kiburi vimejaa tele. Gyaru na gaaru ni neno lilelile la Kiingereza lililoingia Japani kwa milango miwili. Msichana wa msituni akaja kimya katikati yao. Gauni lake halionyeshi kiuno. Viatu vyake haviongezi urefu. Rangi zake haziiti mtu. Amevaa kwa ajili ya macho yake mwenyewe, na pengine ya wenzake watakaogundua kwamba kile kifungo kimetoka kwenye koti la miaka 50 iliyopita.

Mwaka huohuo wa 2006 mwandishi Maki Fukasawa alibuni jina la wanaume wala majani, kwa maana ya vijana wa kiume wasiohangaika kuwinda wanawake. Na mwaka huohuo ikatoka filamu ya Honey and Clover, kutokana na katuni za Chica Umino, ambamo mwigizaji Yu Aoi anacheza kama Hagumi, mwanafunzi wa sanaa mdogo wa umbo, mwenye magauni mapana na mikono iliyojaa rangi. Wapenzi wa mtindo wakamfanya Aoi kuwa sura yao. Angalia lakini walichokichukua kwa Hagumi: walichukua gauni. Hagumi mwenyewe ni mfanyakazi, tena wa kutisha. Kwake sanaa si pambo, ni jasho. Nomino ilikuwa imeanza kula mapema.

Sasa tuje kwenye shtaka kubwa, lile ambalo kila mtu hulitoa akiona picha hizi: ni uongo. Eti msichana wa msituni, wakati anaishi ghorofa ya sita, anapanda treni, na msitu anaujua kwenye skrini. Shtaka hili lina sehemu nzito na sehemu nyepesi, na watu hupenda kutumia ile nyepesi.

Sehemu nzito ni hii. Japani ni nchi ya misitu kwelikweli. Kama theluthi mbili za ardhi yake ni misitu. Lakini karibu asilimia 40 ya misitu hiyo ilipandwa na watu, na sehemu kubwa ya iliyopandwa ni miti ya aina mbili tu, sugi na hinoki, iliyopandwa kwa wingi baada ya vita kuu vya pili ili kupata mbao za kujengea upya. Baadaye mbao za bei rahisi zikaja kutoka nje, vijana wakahamia mijini, misitu ikabaki bila wa kuipunguzia. Matokeo yake kila masika mamilioni ya Wajapani hupiga chafya na kutokwa machozi kwa sababu ya chavua ya sugi. Huo ndio msitu halisi wa nchi ya huyu msichana: mistari ya miti iliyonyooka, giza chini, wazee wachache vijijini, na barakoa za chavua mjini.

Yuko wapi kwenye orodha? Hayupo. Msitu wa mori gaaru ni msitu wa hadithi za Ulaya, wa kofia nyekundu na nyumba ya bibi, wenye uyoga, kulungu na theluji ya nchi za kaskazini. Hata shali na lesi zake ni za huko. Kwa Kijapani neno mori huandikwa kwa alama ya mti ikirudiwa mara tatu, na kwenye mtindo huu kweli unaiona miti mitatu, lakini mmoja umetoka Ujerumani, wa pili Finlandi, na wa tatu kwenye kitabu cha picha. Hapo mkosoaji ana haki ya kuuliza: kwa nini ndoto ya msitu ilibidi iagizwe nje na nchi iliyojaa misitu? Jibu langu si la kumfurahisha mtu. Msitu wa nyumbani ulikuwa na watu ndani yake. Ulikuwa na babu aliyeachwa peke yake, na deni, na kazi ngumu. Msitu wa hadithi hauna mtu wa kukudai.

Sehemu nyepesi ya shtaka ni ile inayosema kitu kilichotengenezwa hakiwezi kuwa cha kweli. Hapa naomba msomaji atembee nami mpaka Harajuku, mtaa ambao kwa miongo mingi umekuwa jukwaa la mavazi ya vijana wa Tokyo. Ukitoka kituo cha treni, upande mmoja kuna maduka, na upande wa pili kuna msitu. Msitu mzito, wa ekari kama 170, wenye giza mchana. Ni msitu wa hekalu la Meiji, lililofunguliwa mwaka 1920. Mgeni huapa ni pori la asili lililoachwa mji ulipojengwa. Kumbe miti kama 100,000 ililetwa kama michango kutoka pande zote za nchi, ikapandwa kwa mikono, na vijana wa kujitolea. Waziri Mkuu wa wakati ule, Shigenobu Okuma, alitaka mistari ya sugi iliyonyooka kwa fahari, kama kwenye mahekalu mengine makubwa. Wataalamu wa misitu wakamkatalia. Walichanganya miti ya aina nyingi, mikubwa na midogo, wakapanga ni ipi itakufa kwanza na ipi itachukua nafasi yake, ili baada ya kama miaka 100 msitu ujiendeshe wenyewe. Umejiendesha.

Kwa hiyo pale pale vijana wanapochekwa kwa kuvaa msitu wa bandia, ng'ambo ya reli upo msitu wa kutengenezwa ambao hakuna anayeucheka. Tofauti haiko kwenye asili ya kitu. Iko kwenye muda na mikono iliyotumika. Nauona mtindo wa mori gaaru kwa kipimo hicho: vazi lililochukua miezi kukusanywa na usiku kadhaa kushonwa lina ukweli ambao vazi lililonunuliwa kwa dakika kumi halina, hata kama kwenye picha yanafanana kama mapacha.

Na hapa inabidi tuongee kidogo habari za ufundi, maana wakosoaji wa mitindo wanapenda kuzungumzia alama na maana wakasahau sindano. Tazama jinsi vazi hili linavyojengwa. Gauni ni pana, limekunjwakunjwa kifuani kisha likaachiwa. Mshonaji asiye na mafunzo anaweza kulishona, kwa sababu halidai vipimo vya kiuno wala zipu iliyofichwa. Ukikosea sentimita mbili, mikunjo inameza kosa. Juu yake panakuja nguo ya pili, fupi kidogo, halafu ya tatu, ili pindo la chini lichungulie. Tabaka hizi zinapendeza, lakini pia zina kazi: gauni la mtumba lenye doa tumboni linafunikwa, lililopungua urefu linaongezwa kwa pindo la lesi iliyobanduliwa kwenye kitambaa cha meza. Weupe wa mori gaaru haulingani kamwe, kuna wa krimu, wa chai, wa mfupa, kwa sababu nguo za zamani hazipauki sawasawa. Badala ya kuficha hilo, mtindo ukaligeuza kuwa sheria ya uzuri.

Yaani umbo zima limezaliwa na mipaka ya mtu anayeshona nyumbani kwa kitambaa kilichopatikana. Hiyo si dalili ya udhaifu; ndivyo sanaa nyingi nzuri zinavyozaliwa. Vitongoji vya Tokyo kama Koenji na Shimokitazawa vimejaa maduka ya furugi, neno lao la nguo kuukuu, na msichana wa msituni alikuwa mpekuzi wake mwaminifu. Mtu yeyote aliyewahi kuinama kwenye rundo la mitumba asubuhi kabla wenzake hawajafika anaijua hiyo furaha. Jicho linafundishwa pale. Unajifunza kutambua sufu kwa kuigusa, unajifunza kuona gauni ndani ya pazia.

Halafu biashara ikaja. Kufikia mwaka 2009 majarida yalikuwa yanachapisha mori gaaru kurasa kwa kurasa, na wauzaji wa nguo wa madukani wakaanza kutoa magauni ya lesi tayari, ya krimu tayari, ya kuonekana kuukuu tayari. Ukumbuke ni wakati gani: H&M ilifungua duka lake la kwanza Japani, mtaani Ginza, Septemba 2008; Forever 21 ikafungua Harajuku Aprili 2009. Nguo za haraka na za bei nafuu zilikuwa zimefika mlangoni pa ule msitu wa hekalu. Orodha ikageuka kuwa orodha ya bei. Kile kitenzi cha kupekua kikawa kulipia. Kitenzi cha kufuma kikawa lebo inayosema mtindo wa kufumwa. Miaka michache baadaye wengi walikuwa wameshauvua, wamehamia kwingine.

Wapo wanaosema mtindo ulikufa kwa sababu ulikuwa dhaifu na wa kitoto. Wana hoja kiasi. Kuna kitu cha kukwepa ukubwa katika hizi nguo, kama mtu anayesema msinione mwanamke, nioneni mtoto aliyepotea. Mimi hilo linanisumbua pia, hasa ninapoona picha ambazo msichana ameinamisha kichwa kila mara, utadhani uso ni kosa. Lakini siamini kuwa ndicho kilichoua. Udhaifu hauuwi mtindo. Mitindo ya kijinga imeishi miaka 30. Kilichoua ni kwamba mtu mwenye sura ya msichana wa msituni na mtu mwenye mazoea ya msichana wa msituni hawakuweza tena kutofautishwa kwa macho, na wa pili akachoka kufananishwa na wa kwanza. Mwaka 2017 Shoichi Aoki, aliyekuwa akipiga picha za mitaa ya Harajuku kwenye jarida lake la FRUiTS tangu 1997, aliacha kulichapisha akieleza kuwa hapati tena vijana wa kutosha wenye mavazi ya kupigwa picha. Msiba ulikuwa mpana kuliko msitu mmoja.

Ajabu ni kwamba mtindo uliendelea kuishi ugenini. Wapenzi wa Ulaya na Marekani waliokutana nao mtandaoni hawakuwa na maduka yake, na nguo za Kijapani wengi haziwatoshi. Ikabidi washone. Ikabidi wapekue kwenye maduka ya nguo kuukuu ya miji yao. Ukosefu ukawarudisha kwenye vitenzi. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu waliofungiwa ndani walipoanza kuonyesha mikate ya kuoka na magauni ya shambani, ndugu wa mori gaaru walikuwa wameamka na jina jingine.

Limebaki swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: nani anaruhusiwa kuonekana mzuri ndani ya nguo kuukuu? Kaskazini mwa Japani, mkoani Aomori, wakulima na wavuvi wa zamani walivaa boro, nguo za nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, kwa kuwa pamba haistawi kwenye baridi ile. Ziliwekwa kiraka juu ya kiraka, kizazi hadi kizazi, mpaka nguo ya awali isionekane. Hawakuwa na orodha. Walikuwa na baridi. Wajukuu wao waliona aibu, wakazichoma au kuzificha. Mnamo 2009, mwaka uleule majarida yalipokuwa yanashangilia magauni ya kuonekana kuukuu, makumbusho ya Amuse yalifunguliwa Asakusa, Tokyo, na boro hizo zikatundikwa ukutani kama sanaa. Zilistahili. Lakini mvaaji wake hakuwepo kusikia sifa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kauli kwenye swali hili, na hatuhitaji kujilazimisha. Mwaka 2005 Wangari Maathai, mwanamke aliyetumia maisha yake kupanda miti na kuilinda, alikwenda Japani akalisikia neno mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotea bure kabla ya kutumika ipasavyo. Alilipenda, akalibeba duniani kote kama wito. Wajapani wengi wakaanza kulisikia upya neno la bibi zao kwa sababu Mkenya amelisema. Mottainai ni kitenzi kilichojificha ndani ya mshangao: usitupe, shona, tumia tena, heshimu. Mama wa Aomori aliyetia kiraka na msichana wa Koenji aliyebandua lesi wanakutana hapo. Wanaachana kwenye jambo moja tu, kwamba mmoja alikuwa na hiari. Anayevaa kuukuu kwa hiari ana deni kwa yule aliyevaa bila hiari, na deni lenyewe ni dogo: asijifanye amevumbua.

Hukumu yangu basi. Kama maandishi, msichana wa msituni ni mhusika nusu: ana vazi, ana mazoea, hana jirani. Msitu wake ungekuwa mkubwa zaidi kama ungemruhusu yule babu wa miti ya sugi aingie, hata kwa chafya moja. Kama ufundi, ni moja ya vitu vyenye akili nilivyowahi kuona vikitoka mtaani, kwa sababu uzuri wake ulitolewa ndani ya makosa ya mshonaji na uchakavu wa kitambaa. Ukitaka kumjua aliye wa kweli usimuulize kama amewahi kulala porini. Mwombe akugeuzie pindo la gauni upande wa ndani, uone mishono.